Kiuno Kiko Bureau, Makalio Yako Fax

"Mutu nikisha kumupima mara moja, inatosha! Sitamupima tena mupaka siku ya sanda, na siku ile ni bengine batamupima!"

Sulaiman, fundi cherehani, aliyasema maneno hayo kwenye maikrofoni, mbele ya watu mia tatu, siku ya harusi ya binti wa Byiringiro. Hakuna aliyemwomba ahutubie. Mshereheshaji alitaja tu kwamba gauni la bibi harusi limeshonwa na fundi Sulaiman wa mjini, akaomba makofi, na kabla makofi hayajaisha Sulaiman alikuwa ameshafika mbele na kumnyang'anya maikrofoni. Pombe haina kosa hapa. Sulaiman ni Mwislamu wa kuswali, alikuwa amekunywa Fanta mbili. Ni sifa tu zilizompanda kichwani, na sifa kwa Sulaiman hazihitaji kuchanganywa na kitu kingine.

Watu walicheka, wakapiga vigelegele, wakarudi kwenye brosheti zao za mbuzi. Mambo yangeishia hapo, angekuwa salama. Lakini kwenye meza ya nne alikaa Verediane, perezida wa kwaya ya wanawake ya kanisa moja la Rugerero, mama anayeweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mumewe lakini hasahau neno la kijinga lililosemwa na mtu mwingine. Alitafuna nyama yake, akameza, na lile neno akaliweka akiba.

Sulaiman ana miaka arobaini na tatu. Ni mfupi, na ndevu zake zimekatwa vizuri kuliko suruali anazovaa mwenyewe. Babu yake aliletwa hapa Gisenyi, upande wa Rwanda mpakani na Goma, na biashara ya vitambaa kutoka Ujiji, akawaambia wenyeji wake kwamba atakaa wiki mbili. Ukoo mzima bado uko hapa, unasubiri wiki ya pili iishe. Duka lake ni chumba kimoja katikati ya muuza unga na saluni: vyerehani viwili, kioo kirefu chenye ufa unaomkata kila mteja shingo, na pazia la maua.

Pazia ndilo siri ya biashara. Sulaiman hashiki kiuno cha mke wa mtu. Nyuma ya pazia anaingia mkewe, Nadra, na futi yake shingoni. Nadra anapima, anatamka namba, na Sulaiman, akiwa nje, anaandika. Ni mpango wa heshima sana, ila una tundu moja: Nadra ana sauti ya kuitia pikipiki iliyokwisha kupita. Akisema "makalio mia na kumi na tisa," anasikia Sulaiman, anasikia muuza unga, na kule saluni wanazima mashine ya kukaushia nywele ili wasikie vizuri. Wateja wengi wamemwomba anong'one. Anajaribu. Kunong'ona kwake ndiko kunakofika mpaka barabarani.

Zamani namba hizo ziliandikwa kwenye daftari. Daftari likamwagiwa chai ya maziwa, likavimba, kurasa zikashikana, na mji mzima ukapimwa upya kwa aibu. Mwaka huohuo shirika moja la wageni lilifunga ofisi yake na kuuza vyombo. Sulaiman akanunua kompyuta ya mapajani, simu na waya wake, vyote kwa pamoja, maana havikuuzwa mbalimbali. Ndani ya kompyuta mlikuwa na programu moja ndogo, ya zamani hata wakati huo. Kazi yake ni kufananisha: ukichomeka simu kwenye kompyuta, majina yaliyo kwenye simu yanaandikwa kwenye kompyuta, na yaliyo kwenye kompyuta yanaandikwa kwenye simu, mpaka vyote viwili viwe na orodha ileile. Karani wa shirika alimwonyesha mara moja, akaaga, akaenda zake. Wataalamu wana jina lao la jambo hilo. Sulaiman aliliita kusalimiana. Kila Ijumaa baada ya swala alichomeka waya, akakunja mikono, akawaambia wateja waliokuwa wakisubiri, "Mungoje kidogo, hawa banasalimiana."

Tatizo lilikuwa vipimo viandikwe wapi. Simu ilikuwa ya Kifaransa, na ukifungua jina la mtu inakupa nafasi za namba: Mobile, Domicile ya nyumbani, Bureau ya ofisini, Fax. Sulaiman alizitazama nafasi hizo jinsi fundi anavyotazama vipande vilivyobaki baada ya kukata gauni. Namba ya kweli ya mtu akaiweka kwenye Mobile. Kifua akakiweka Domicile, kwa sababu, kama alivyomweleza mkewe, hapo ndipo mtoto anapokaa. Kiuno akakiweka Bureau. Na makalio, kwa kuwa wilaya nzima ya Rubavu hakuna mtu mwenye faksi na nafasi ilikuwa wazi, akayaweka Fax.

Mpango huo ulifanya kazi miaka na miaka. Ulimwaibisha mara moja tu, siku kidole chake kilipoteleza juu ya Fax ya Donatille, muuza viazi wa Mahoko, ambaye makalio yake yalikuwa sentimita mia moja na kumi na mbili. Simu ikapiga 112. Hiyo, kwa asiyejua, ni namba ya polisi.

"Polisi hapa. Kuna shida gani?"

"Hakuna shida, afande," Sulaiman akajibu. "Nilikuwa mu makalio ya Donatille."

Upande wa pili karatasi ikavutwa, kalamu ikabonyezwa.

"Rudia. Uko wapi?"

Ilimchukua dakika kumi kueleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mhalifu. Tangu siku hiyo makalio ya Donatille yaliandikwa 115, na gauni lake likapwaya kidogo kwa ajili ya usalama wa raia.

Mwezi wa tano Verediane akaingia dukani na wanawake ishirini na watano nyuma yake. Kwaya inatimiza miaka ishirini na mitano, itafanya jubilei mwezi wa nane, inataka sare mpya. Alisimama mbele ya kioo, ufa ukamkata shingo, akasema bila kugeuka:

"Fundi, siku ile ku harusi ulisema mara moja."

"Nilisema, Mama Perezida."

"Bon. Njo maana tumekuja, sisi wote, mara moja. Kitambaa kitafika nyuma, mwezi wa nane. Ukitupima leo na usituite tena, unashona hii, unashona ya Noeli, unashona na ya baba wa kanisa, mwaka mzima. Ukituita mara ya pili hata mutu mumoja, napeleka kitambaa kwa Jovia kule Mahoko. Jovia anapimaka batu mara tatu, lakini hapandake ku maikrofoni."

Wanawake wakacheka. Sulaiman naye akacheka, kicheko cha mtu asiyeona shimo. Nadra akaingia nyuma ya pazia, na kwa saa tatu mtaa ukafahamishwa kila kitu kuhusu kwaya ile. Ijumaa iliyofuata simu na kompyuta zikasalimiana. Vipimo vya watu ishirini na sita vikalala pande zote mbili, vikingoja kitambaa.

Kitambaa kilifika kutoka Goma Jumatatu, siku sita kabla ya jubilei. Na Jumanne asubuhi Sulaiman alifanya jambo ambalo simu yake ilikuwa ikimsihi afanye tangu mwaka uliopita.

Tusimlaumu sana. Ile programu ya kutumiana ujumbe, ambayo bila yake mteja anaamini umekufa, ilikuwa imemwandikia kwamba haitafanya kazi tena kwenye simu isiyofanyiwa mise à jour, yaani kuwekewa mfumo mpya. Kwa hiyo akabonyeza. Sulaiman ana tabia moja mbaya na vyombo vya Kifaransa: chochote kinachoulizwa, anajibu Oui, ndiyo. Simu ikazima, ikawaka, ikazima, ikakaa muda mrefu ikionyesha duara linalozunguka, kisha ikaamka na sura mpya kama mtu aliyetoka saluni. Ikamuuliza kama anataka namba zake zipangwe vizuri. Oui. Ikasema kuna majina yanayofanana, je, iyaunganishe? Oui, mama, oui, unganisha.

Akafungua jina la kwanza la kwaya ili aanze kukata.

Uwimana. Kwaya ilikuwa na akina Uwimana wanne, na mtu yeyote aliyewahi kuita "Uwimana!" kwenye soko la hapa anajua nusu ya soko hugeuka. Simu haikulijua hilo. Ilikuwa imewaunganisha wote wanne, na mbele ya Sulaiman sasa palikuwa na mwanamke mmoja mwenye vifua vinne na viuno vinne, bila kuonyesha kipi ni cha nani. Na kila kipimo kilikuwa kimewekewa +250 mbele, kwa sababu simu mpya iliamini kwamba tisini na nne ni namba ya mtu fulani ndani ya Rwanda.

Hilo lingeweza kutengenezwa kwa kalamu na uvumilivu. Lililofuata halikuwa na kalamu. Akashuka chini kutafuta makalio, na makalio hayakuwepo. Mfumo mpya haukuwa na nafasi ya Fax. Waliotengeneza mfumo huo, huko waliko, walikubaliana kwamba dunia haina faksi tena, wakaifuta nafasi na vilivyokuwa ndani yake. Kwaya nzima ilikuwa imebaki na kifua na kiuno, na chini ya hapo hakuna kitu.

"Nadra," Sulaiman akaita. "Makalio imeenda."

"Ya nani?"

"Ya bote."

Nadra akaja, akatazama, akamtazama mumewe. Ni mwanamke mrefu, na anapomtazama Sulaiman huwa anaonekana anasoma bango la chini.

"Papa Shamimu, si iko ndani ya kompyuta? Ijumaa bilisalimiana."

Sulaiman akafufuka. Akachomeka waya. Kompyuta ikafikiri, ikakoroma, ikaandika kwa Kifaransa kwamba haikitambui chombo hiki. Akachomoa, akaupuliza waya, akachomeka tena. Haikitambui. Miaka yote zinasalimiana kila Ijumaa, leo moja imebadilisha sura na mwenzake anasema hamjui. Na ile programu nzee ilikuwa na ukaidi wake: haikubali kufungua orodha yake mpaka simu iwe imechomekwa na imetambuliwa. Vipimo vilikuwa mle ndani, vizima, nyuma ya mlango uliofungwa.

"Kesho kwaya iko na répétition, mazoezi yabo, Rugerero," Nadra akasema. "Tunapanda moto, pikipiki mbili, tunabeba futi, batu ishirini na sita, saa mbili tumemaliza."

"Na Verediane?"

"Naye iko na makalio. Tutamupima."

"Atapeleka kitambaa kwa Jovia! Na Noeli, na ya baba wa kanisa, mwaka muzima!"

"Juu ya mudomo yako."

"Juu ya mudomo yangu, ndiyo. Sasa tufanye je?"

Nadra akaivua futi shingoni, akaining'iniza kwenye msumari. Kazi ya saa mbili ilikuwa imekataliwa, na mahali pake ikaingia kazi ambayo hakuna aliyejua itachukua saa ngapi. Ndivyo wanaume wenye majivuno wanavyofanya hesabu.

Jumatano asubuhi wakaenda kwa Gad, fundi wa simu, ambaye kibanda chake kiko karibu na kituo cha mabasi. Sulaiman alibeba kompyuta kifuani kama mtoto mgonjwa. Nadra alikuja kwa sababu hamwamini mumewe akiwa peke yake na kitu chenye kitufe. Gad alikulia Kampala kabla familia yake haijarudi, ana miwani ya kukuzia vitu vidogo ambayo haivui hata akila, na ana ugonjwa wa kusema ukweli. Akasikiliza hadithi yote. Alipofika kwenye Fax akainua mkono.

"Simama hapo, mzee. Uliweka makalio ya watu ku faksi?"

"Ilikuwa wazi."

"Nani iko na faksi hapa Rubavu?"

"Njo maana ilikuwa wazi!"

Gad akavua miwani, jambo ambalo majirani wake wa kibanda hawakuwahi kuliona, akajifuta machozi, akaivaa tena. Kisha akaanza kazi, na lazima isemwe kwamba akianza kazi hacheki.

Ilimchukua saa nzima kujua ugonjwa. "Hii programu iko na kibali ndani yake," akasema mwishowe. "Kibali cha kuongea na simu. Kiliisha zamani, mwaka wa 2020. Simu yako, mbele ya mise à jour, haikuwa inauliza kibali. Sasa hii sistimu mpya inauliza. Ni kama pale ku petite barrière, ku mupaka wa Goma. Ulikuwa unapita kila siku na karatasi iliyoisha, kwa sababu askari anakujua, anasema Sulaiman pita. Leo wameleta askari mupya. Anasema, karatasi."

"Basi tuombe kibali kipya."

"Kwa nani? Kampuni yenyewe ilifungwa."

Sulaiman akakaa juu ya tairi. Akilini alimwona Jovia wa Mahoko akipokea kitambaa cha kwaya, akitabasamu kwa unyenyekevu wake ule unaochukiza.

"Lakini," Gad akasema, "askari anajuaje leo ni tarehe gani? Anatazama kalenda ya ukuta. Tunabadilisha kalenda."

Mpango ulikuwa huo tu. Kompyuta irudishwe nyuma mpaka mwaka wa 2019, wakati kibali kilikuwa bado kizima. Simu nayo irudishwe nyuma, na ikatwe na intaneti, ili pasije mtu akaiambia tarehe ya kweli.

"2019," Sulaiman akasema. "Mbele ya korona?"

"Mbele ya korona."

"Na mi naweza kwenda nayo?"

Gad akabadilisha tarehe. Akachomeka waya. Kompyuta ikafikiri muda ambao Nadra aliutumia kusali kimya, yaani muuza chapati wa ng'ambo ya barabara aliitikia amina. Halafu kikatokea kidirisha cha kijivu, cha kizamani, chenye mishale miwili. Programu ilikuwa imeitambua simu. Iliona orodha mbili zisizofanana, ikauliza kwa adabu: iamini ipi? Na kwa kuwa ilitengenezwa zamani, na watu walioamini kwamba simu daima ina habari mpya, ilikuwa imeshajichagulia yenyewe: simu. Ilibaki kubonyeza Oui tu, ili yule Uwimana mwenye vifua vinne aingie ndani ya kompyuta na kuwafuta wenzake wote.

Kidole cha Sulaiman kilikuwa kimeshaondoka. Miaka ya mazoea. Kiliona Oui kikaenda, bila kumshirikisha mwenye kidole.

Kofi la Nadra lilisikika mpaka kwenye mabasi.

"Kaa mbali!" akafoka. "We na Oui yako! Oui ya kwanza ilikula makalio, ya pili itakula nini?"

"Mama amesema kweli," Gad akasema, uso umempauka. "Mzee, ungebonyeza hapo, tungekwenda kununua futi. Kalia mikono yako."

Sulaiman akakaa juu ya mikono yake, mbele ya watu, mtu mzima mwenye ndevu. Gad akanakili kwanza orodha ya kompyuta kwenye flashi, kwa sababu, alisema, hajawahi kumwamini mteja wala mashine. Kisha akahamisha alama kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta. Akasoma mara mbili. Akamwomba Nadra naye asome, Nadra akasoma kwa sauti, na wasafiri wa basi la Musanze wakajua kinachoendelea. Akabonyeza.

Mstari wa kijani ukatambaa. Ulipofika katikati ulisimama, na katika kibanda kile hakuna aliyepumua. Sulaiman baadaye aliapa kwamba hata gari za barabarani zilinyamaza, lakini Sulaiman ni mtu wa kuapa. Halafu ukaendelea, ukafika mwisho. Gad akafungua simu. Akina Uwimana walikuwa wanne. Akafungua jina jingine: kiuno kilikuwa tisini na nne, bila +250. Na chini yake, mahali ambapo dunia ilisema hapapo tena, neno Fax, lililoandikwa upya na ile programu nzee, lilikuwa limerudi na mzigo wake wote.

"Makalio mia na kumi na nane," Nadra akasoma. "Huyu ni Verediane mwenyewe. Alhamdulillahi."

"Sikiliza, mzee," Gad akasema akimkabidhi simu. "Usiiunganishe na intaneti. Hata dakika moja. Hata ukiona kitu cha bure. Ikipata intaneti tu itajua tarehe, itaanza kupanga tena. Unataka hii salamu yenu iendelee, hii simu inakaa 2019. Milele. Na laini toa."

Sulaiman akakubali kila kitu, kwa neno ndiyo safari hii, kisha akarudi dukani mbio. Alikata kitambaa Jumatano yote iliyobaki. Mafundi wawili wa jirani wakaja na vyerehani vyao, Nadra akashona mikono, na magauni yakaanza kuning'inia moja baada ya jingine mpaka kioo kikafunikwa. Laini yake ilikuwa kwenye kikombe, kando ya vifungo, na kwa hiyo hakujua kwamba tangu Jumatano mchana Verediane alikuwa akimpigia. Kwanza kuuliza kama kitambaa kinatosha. Baadaye kuuliza kwa nini hapokei. Baadaye kumwambia kwamba yeye si mtoto, anaelewa fundi akizima simu maana yake ni nini.

Jumamosi saa tatu Verediane aliingia dukani na kwaya nzima, uso umekaza.

"Fundi, we unajificha?"

"Mi najificha wapi, Mama Perezida? Duka iko wazi."

"Siku tatu sikupati. Nilisema huyu amepoteza vipimo, anaogopa kutuita. Jovia tumeshamwambia akae tayari."

Sulaiman alivuta pazia pembeni, yakaonekana magauni ishirini na sita, kijani na dhahabu, kila moja na karatasi ya jina. Wanawake wakapiga kelele. Wakaingia watatu watatu, wakatoka wakijigeuza, wakishikana viuno, wakidai kuona mgongo kwenye kioo. Akina Uwimana wote wanne walitoka wakiwa na kifua kimoja kimoja. Donatille, ambaye naye ni wa kwaya, alipwaya kidogo nyuma akasema hivyohivyo ndivyo anavyopenda. Ishirini na watano, hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Wa ishirini na sita alichelewa kutoka. Nyuma ya pazia kulisikika pumzi, kisha Nadra, kwa kile anachokiita mnong'ono:

"Mama, haifungi."

Saluni ikazima mashine.

Verediane akatoka. Gauni lilikuwa zuri mpaka kiunoni, na kiunoni zipu ilisimama ikakataa, mdomo wazi. Akawatazama wanakwaya wake. Akamtazama Sulaiman.

"Fundi. Nini hii?"

Kulikuwa na jibu moja la kweli, na hakuna mwanamume aliyewahi kumpa mwanamke mwenye cheo jibu hilo akabaki na kazi. Sulaiman akafungua simu, akamwonyesha. Bureau, tisini na nne.

"Mama Perezida, hivi njo ilikuwa mwezi wa tano."

"Simu inaweza kukosea."

"Inaweza," akasema Sulaiman, na Mungu shahidi, alijua jinsi inavyoweza. "Lakini hii haikukosea."

"Basi nipime."

"Ukipimwa ni mara ya pili. Ulisema hata mutu mumoja."

"Mi sijaitwa. Nimekuja kwa miguu yangu. Nadra, nipime."

Nadra akamtazama mumewe, akachukua futi msumarini, akaizungusha. Safari hii hakutamka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinong'ona kweli, sikioni mwa Verediane, na hakuna aliyesikia, wala Sulaiman, wala muuza unga aliyekuwa ameshaingia mpaka mlangoni.

Verediane alisikia. Akapiga hesabu. Miezi mitatu, harusi nane, na kila harusi meza ya mbele. Midomo ikaanza kumcheza, mabega yakafuata, na perezida wa kwaya ya Rugerero akacheka mpaka zipu ikashuka yenyewe.

"Ayiwe! Simu yako haina kosa, fundi. Ni mi nilifanya mise à jour. Yenyewe haikuambiwa."

Kwaya ikaanguka kicheko, na Sulaiman akakaa chini kwenye kiti cha cherehani. Kabla ya saa sita Nadra alikuwa ameongeza vipande pembeni, upana wa vidole viwili kila upande, na zipu ikapanda kama haijawahi kugoma. Verediane alipokuwa akitoka na mfuko wa magauni alisema bila kugeuka, kama kawaida yake, kwamba kitambaa cha Noeli kitaletwa mwezi wa kumi, Jovia ataambiwa asisubiri, na fundi atafute namna ya kupatikana, maana yeye hatapanda moto kuja kumsalimia kila akiwa na swali.

Kwa hiyo simu ya vipimo haipokei mtu tena. Iko ndani ya soksi, kwenye droo, pamoja na kompyuta, na zote mbili zinaamini ni 2019. Kila Ijumaa baada ya swala zinatolewa, zinachomekwa waya, zinasalimiana, na Nadra ndiye anayebonyeza. Flashi ya Gad imeshonewa ndani ya mto.

Jumatatu baada ya jubilei Sulaiman alikwenda Mahoko kununua simu ya pili, ya kuongea tu, ile ndogo ya vitufe yenye tochi kichwani. Haina intaneti, haina Domicile, haiulizi swali lolote. Laini mbili, chaja ndani ya boksi, faranga elfu kumi na moja.